Kazi Iliyorudi

Yule mama alifika asubuhi ya mwezi wa nane, baridi ya Arusha haijaondoka vizuri na vumbi la mtaa wetu wa Unga Limited limeshaanza kupanda. Alishuka kwenye pikapu na kiroba begani, akapita katikati ya mafundi bila kumsalimia mtu, jambo ambalo kwa mama wa umri wake si la kawaida. Akafika kwenye meza ya baba, ile yenye jiliwa, akafungua kamba na kumwaga mahindi yote juu ya spana.

"Fundi, angalia mwenyewe."

Nilikuwa kidato cha pili, niko likizo, kazi yangu bandani ni kuandika daftari. Niliyaona yale mahindi kabla baba hajayagusa. Karibu nusu yalikuwa yamevunjika. Mengine yamepasuka katikati, mengine kiini kimechomoka, na kati yake kulikuwa na unga mweupe kama wa kusagwa mara moja. Mama alikuwa ametoka Mbuguni. Miezi miwili nyuma alikuwa amenunua kwetu mashine ya kupukuchua, akaizungusha kwenye mashamba ya majirani, wanamlipa kwa gunia. Sasa majirani walikuwa wamekataa. Mahindi yaliyovunjika hayakai ghalani, maana mdudu anaingia palepale yalipopasuka. Na mnunuzi wa sokoni Kilombero anatia mkono ndani ya gunia, anautoa, anaangalia kiganja chake, anataja bei ya kukuumiza.

Baba hakubisha. Alichota konzi moja ya yale mahindi, akayachambua kwa kidole gumba, punje moja moja. Mafundi wa mabanda ya jirani walikuwa wameshasimama. Unga Limited mabanda mengi hayana kuta, kwa hiyo kazi ikirudi, inarudi mbele ya mtaa mzima.

"Mama, naomba radhi," akasema. "Iache mashine hapa. Nipe siku nne."

Nimeanza na habari hii kwa sababu kila mara naulizwa, na watu wa miradi, na wanafunzi wanaoandika tafiti zao, na vijana wanaotaka kufungua karakana, kwamba ni kitu gani kinamsukuma fundi mpaka abuni kitu kipya. Wanategemea niseme fedha, au ajira, au kiu ya mafanikio. Nimekaa na mafundi maisha yangu yote, nimeandika madaftari yao, nimewabebea chai na kuwapeleka hospitali, na jibu langu ni lile konzi la mahindi. Fundi anasukumwa na kazi iliyorudi.

Siku hizo nne nilimshikia baba tochi. Mashine ya kupukuchua ukiiona kwa nje ni kelele tupu, lakini ndani yake ni kitu cha kueleweka. Juu kuna mdomo wa kumiminia mahindi. Ndani kuna dramu lenye meno ya nondo linalozunguka, na chini yake chekeche ambayo punje zinapita na gunzi linabaki, likisukumwa kutokea upande wa pili. Halafu kuna feni ya kupuliza makapi. Injini inavuta vyote kwa mkanda.

Baba alikuwa amefunga puli ya inchi nne kwenye dramu, akiamini kwamba mteja anataka kasi. Dramu likawa linakimbia mno, na yale meno badala ya kupukuchua yakawa yanapiga. Usiku wa kwanza alitoa ile puli akaweka ya inchi nane. Kasi ikashuka nusu na punje zikatoka nzima, tukafurahi kama dakika tano hivi. Kwani feni ilikuwa imefungwa kwenye shafti ileile ya dramu. Dramu lilipopoa, na feni ikaishiwa pumzi, makapi yakawa yanadondoka pamoja na mahindi. Ndivyo mashine zilivyo, ukitibu hapa panauma pale.

Usiku wa pili akaitenga feni. Akaipa shafti yake, beringi zake mbili, na mkanda wake wa pekee kutoka kwenye injini, ili dramu liende polepole na feni iende mbio, kila mmoja na mwendo wake. Hapo ndipo nilipomwona baba akicheka peke yake, saa saba usiku, mikono imejaa grisi. Usiku wa tatu akalala chini ya mashine akipunguza na kuongeza nafasi kati ya meno na chekeche, akijaribu na magunia mawili tuliyonunua kwa fedha ya ada yangu. Ada ilikuja kulipwa baadaye, na sikumlaumu wakati ule wala simlaumu leo.

Punje chache bado zilikuwa zinapasuka, na hakujua kwa nini. Siku ya nne akaipakia mashine, akaenda nayo Mbuguni mwenyewe. Kule ndiko mzee mmoja alimwonyesha chupa. Unachukua chupa ya soda iliyokauka kabisa, unatia mahindi kidogo na chumvi kavu, unatikisa. Ukiacha itulie na chumvi ikanata kwenye kioo, mahindi bado yana maji, hayajafaa kupukuchuliwa wala kuwekwa ghalani. Chumvi ikidondoka chini yote, mahindi yamekauka. Baba alikuwa ametengeneza mashine za mahindi miaka sita bila kujua hilo. Tangu siku ile kila mashine iliyotoka bandani kwetu ilitoka na chupa tupu ya soda na pakiti ya chumvi, zimefungwa kwa waya kwenye mguu wa mashine. Wateja wengine walidhani ni dawa ya kienyeji. Baba alikuwa anawaeleza wote, mmoja mmoja, hata kama foleni imefika barabarani.

Sasa turudi kwenye fedha, maana najua kuna msomaji anasema hizi ni hadithi za mapenzi na fundi anakula. Ni kweli fundi anakula. Daftari la mwezi ule ninalo mpaka leo. Wiki ile baba aliacha mageti mawili na oda ya grili za madirisha ya nyumba nzima kule Sakina, mwenye nyumba akaenda kwa fundi mwingine. Yule mama wa Mbuguni hakutozwa hata senti. Ukijumlisha beringi, puli, mkanda na mafuta ya kujaribia, mwezi ule tuliufunga kwa hasara. Kama ni fedha iliyomsukuma, basi ilimsukuma kuelekea upande usiokuwa na fedha.

Fedha ya uhakika iko kwenye grili. Grili ni chakula, na kila fundi wa kuchomelea anajua. Unapima dirisha, unakata nondo, unachomelea, unapaka rangi, unalipwa, na grili hairudi. Hakuna mtu aliyewahi kurudisha grili akisema inavunja mahindi yake. Simdharau anayeishi kwa grili, zimesomesha watoto wengi pamoja na mimi. Ila sijaona mtu akibuni kitu kwenye kazi isiyorudi.

Na inaporudi, kinachouma zaidi ya hasara ni jina. Nilikuwa na mwalimu ambaye akikasirika alikuwa anatuambia, "Endeleeni kucheza, mtaishia kuwa mafundi." Alisema hivyo mbele yangu akijua baba yangu ni nani. Dharau hii si ya jana. Kwa Wamasai wahunzi walikuwa watu wa pembeni, Ilkunono, hawakuoana nao, na wakati huohuo hakuna moran aliyetembea bila sime au mkuki uliotoka kwenye mikono yao. Upande wa Kilimanjaro, kule Mamba, uhunzi ulikaa kwenye koo fulani, na mpaka leo kuna wanaofua chuma kwa viriba vya ngozi. Watu wanakihitaji chuma chako na hawakuhitaji wewe. Mtu aliyekulia kwenye hali hiyo, kazi yake ikirudi mbele ya watu anasikia kama yale maneno ya mwalimu yamethibitishwa, na hatalala mpaka ayakanushe kwa mikono yake.

Hapahapa Arusha kuna mfano ninaoupenda kuliko yote, na wengi wanaupita bila kuujua. CAMARTEC, kituo cha zana za kilimo na teknolojia vijijini kilichoundwa kwa sheria mwaka 1981, kilijenga mitambo ya gesi ya samadi pamoja na wataalamu wa Ujerumani katika miaka ile ya themanini. Mtambo ule ni kuba la matofali lililofukiwa ardhini. Samadi inachacha chini, gesi inapanda na kushikwa juu. Adui wake mkubwa ni ufa. Ufa mwembamba kama unywele unaweza usivujishe samadi, lakini gesi inapita bila shida, na mwenye ng'ombe anajikuta amechimba shimo, amelipa fundi, na jikoni hakuna moto.

Unaweza kupambana na ufa kwa kuongeza saruji, nondo na unene. Wale walifanya kitu kingine. Kati ya sehemu ya chini inayokaa samadi na ile ya juu inayoshika gesi, walijenga pete dhaifu makusudi, na juu yake pete imara. Ufa ukitokea sehemu ya chini, na utatokea kwa sababu ardhi haikai kimya, unapanda mpaka kwenye ile pete dhaifu na kuishia hapo. Sehemu inayoshika gesi inabaki nzima. Muundo huo ulitoka Arusha ukaenda nchi nyingine za Afrika ukiwa na jina la CAMARTEC. Kila nikiufikiria nasikia heshima kubwa, kwa sababu mtu hawezi kuwaza kuuandalia ufa mahali pa kupumzikia kama hajawahi kuitwa kwenye mitambo iliyopasuka, akasimama na mwenye ng'ombe, akaulizwa, "Sasa fundi, inakuwaje?"

Kaka yangu hakuendelea na mashine za mahindi. Aliingia gereji za magari ya watalii, kazi ambayo Arusha inaifahamu kuliko mji wowote nchini. Land Cruiser inaingia fupi inatoka ndefu. Wanaikata chesisi, wanaongeza kipande, wanapanga viti, wanaweka paa la kunyanyuka ili mtalii asimame amwone simba. Ukiangalia barabarani unaona gari zuri la rangi ya udongo. Ila kuna barabara za Serengeti na Ngorongoro zenye mawimbi ya kokoto, kilomita baada ya kilomita, na kila wimbi linapiga palepale chuma kilipoungwa.

Kaka alipokuwa saidia fundi, walikuwa wanaweka kiraka cha chuma cha mraba juu ya maungio. Kiraka kizito, kimechomelewa pande zote, ukikiona unasema hiki hakitoki milele. Madereva wakawa wanarudi. Maungio yenyewe mazima, ila chesisi imechanika kandokando ya kiraka, kwenye mstari ulionyooka kama umepigwa rula. Dereva mmoja, mtu mzima, akamwita kaka chini ya gari, akamwonyesha kwa kidole: "Bwana mdogo, wewe umeshona vizuri, lakini nguo imechanika pembeni ya kiraka." Siku hizi kaka anakata kiraka ncha mshazari, kama almasi, ili mzigo uingie kwenye chuma polepole badala ya kugonga ukuta mmoja, na hachomelei kwa mstari unaokatisha chesisi. Wahandisi wanalijua jambo hilo vitabuni. Kaka alilijua kwa dereva aliyelala naye chini ya gari, na anawafundisha vijana wake kwa maneno yaleyale ya nguo na kiraka.

Kuna wengine ambao kilichorudi ni kitu kilichowapata mwilini. Dokta Askwar Hilonga alizaliwa kijiji cha Gongali, Karatu, akakua akiumwa magonjwa ya maji machafu kama watoto wengi wa huko. Akasoma uhandisi wa kemikali hadi juu kabisa, na akiwa Taasisi ya Nelson Mandela hapa Arusha akatengeneza chujio linalounganisha mchanga na chembe ndogo mno zinazonasa uchafu, linaloweza kupangwa kulingana na maji ya mahali husika. Mwaka 2015 alikuwa mshindi wa kwanza wa tuzo ya Afrika ya ubunifu wa kihandisi inayotolewa na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza, pauni 25,000. Watu waliandika sana kuhusu tuzo. Mimi nafikiria zaidi ile "maji ya mahali husika", maana sisi wa kuzunguka Mlima Meru maji yetu yana floraidi, na tunajuana kwa meno ya kahawia popote tunapokutana. Chujio la kila mahali lisingetusaidia. Ilihitaji mtu wa huku.

Na nikipita Moshi, kuelekea Mweka, namkumbuka Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi Magamba kule Tanga, walikuwa wanatengeneza aiskrimu. Nafasi kwenye jokofu zilikuwa zinakwisha, akaogopa kukosa, akaingiza maziwa yake yakiwa bado ya moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipouliza mwalimu aliambiwa amechanganyikiwa. Alipoendelea kuuliza, darasa likamcheka. Utafiti wake na Profesa Denis Osborne ulichapishwa mwaka 1969, wakati huo Mpemba yuko chuo cha wanyamapori cha Mweka, na wanasayansi wanaendelea kubishana kuuhusu mpaka leo. Kuna kipande kidogo ndani ya habari yake ambacho wengi hawakitaji. Kabla ya profesa yeyote kumsikiliza, alimuuliza rafiki yake aliyekuwa akiuza aiskrimu Tanga mjini, naye akamwambia kwamba yeye huingiza mchanganyiko wa moto, kwa sababu unaganda haraka. Wauzaji wenzake walikuwa wanafanya hivyohivyo. Wao hawakuwa wanabishana na fizikia ya mtu, walikuwa na wateja mlangoni na jua linawaka.

Baba alipoanza kuuza mashine zenye mikanda miwili, haukupita mwezi mabanda matatu yakawa nayo. Nilikasirika nikataka aende kuwasema. Yeye akaenda kuangalia. Wa kwanza alikuwa ameiga puli sawasawa lakini feni ameifunga ikielekea upande usiofaa, baba akamwonyesha. Mwingine aliiga kila kitu isipokuwa nafasi ya chekeche, mashine zake zikaanza kurudi, akaja mwenyewe jioni na soda mbili. Walikaa mpaka giza. Nilielewa baadaye kwamba aliyeiga umbo hana budi kuja kuuliza sababu siku kazi inapomrudia, na aliyekwisha kuulizwa sababu tayari anafikiria mashine nyingine.

Kilichomuumiza baba kilikuwa kitu kingine. Kuna ofisi moja ilikuja, ikaipenda mashine, ikamwomba aipeleke kwenye maonyesho. Akaipaka rangi mpya, kijani na njano. Akapewa cheti, akapigwa picha. Wakamwambia iache hapa, tutaitangaza, tutakutafutia wanunuzi. Ilikaa ghalani kwao miaka miwili. Alikuwa anaenda kuulizia, anaambiwa mhusika yuko safari. Siku alipoipata ilikuwa imeota kutu kwenye dramu, na ile chupa ya soda ilikuwa bado imefungwa mguuni, chumvi haijafunguliwa. Miaka miwili haikupukuchua hata gunzi moja. Cheti hakukitundika. Aliniambia, "Mama, mashine isiyofanya kazi hainiambii kitu."

Baba ananiita mama kwa sababu nina jina la bibi yangu.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wengi wanaotaka kuwasaidia mafundi. Wanaleta semina, mashindano, vyeti, na sikatai, cheti cha VETA kwa fundi aliyejifunzia mtaani kinamfungulia tenda ambazo zamani alikuwa anaziona kwa mbali. Mikopo pia inahitajika, tena ile isiyokuwa kausha damu. Lakini naomba tusimtenge fundi na mtu anayetumia kazi yake. Kijana wa chuo cha ufundi apelekwe Mbuguni wakati wa mavuno akae pale wiki mbili mashine zikinguruma. Na wewe uliyenunua jiko, mashine, au kitanda cha chuma kikakusumbua, usikitupe nyuma ya nyumba ukaenda kununua cha kutoka nje. Kirudishe. Mwambie fundi palipouma, mbele ya wenzake kama ni lazima. Atakasirika, na usiku hatalala.

Baba sasa anakaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni mwa banda. Mwanga wa kuchomelea umemla macho na daktari amemkataza. Kaka amerudi kutoka gereji, ndiye anayeendesha kazi. Mwezi uliopita alikuja kijana kutoka Karatu na mashine yetu juu ya trekta. Alikuwa ameinunua kwa mahindi, akaitumia kupura ngwara, zile za jamii ya maharage, kwa sababu ngwara ndizo zenye bei msimu huu. Zilitoka zimepasuka vipande viwiliviwili. Kaka akaanza kumweleza, kwa upole, kwamba mashine hii ni ya mahindi, ngwara haikutengenezewa.

Baba akanyoosha mkono. "Niletee hizo."

Kijana akachota kwenye mfuko akampa. Baba akazisogeza karibu na jicho la kushoto, lile linaloona, akazigeuza kwa kidole gumba, punje moja moja. Akaweka moja mdomoni, akaiuma, akaitema kiganjani, akaangalia ilivyovunjika.

"Zilianikwa siku ngapi?"

"Tano, mzee."

"Juani au kivulini?"

Kijana akafikiri. "Juani."

Baba akanyamaza. Kaka alikuwa ameshawasha grenda, ana geti la mtu linalotakiwa jioni. Nilimwona akimtazama baba, kisha zile ngwara, kisha baba tena.

"Nije lini kuangalia?" kijana akauliza.

"Siku nne," akasema baba, na kaka akazima grenda.